Pedali ya wawa ya bei ghali: ijaribu hivi kabla hujatoa pesa

Haya, karibuni barazani kwangu hapa Langoni, Lamu. Mkisikia punda nyuma yangu mniwie radhi, nilitaka kumsubiri anyamaze lakini naona hana nia hiyo.

Hapa mbele pana pedali mbili za wawa, vile vikanyagio vya mguu vinavyolifanya gitaa la umeme lilie wa-wa. Hii nyeusi ni Cry Baby ya kawaida, ambayo ikiwa mpya kule Marekani huuzwa karibu dola 100. Hii nyingine ni ya kuazima, imeundwa kwa mkono, na bei yake inapita dola 250, hapo hujatia usafiri wala ushuru. Mwenyewe anataka kuniuzia. Nami nataka kujua nauziwa sauti au nauziwa jina. Na ujue mzigo wa huku hushuka Mokowe kwa basi, halafu uvushwe kwa boti. Kikishavuka maji, kukirudisha ni mtihani.

Hatua ya kwanza, jua unanunua nini. Weka kiganja mdomoni, vuta "aaa", kisha funika na kufunua. Umeisikia? Kila mtoto ameuchezea mchezo huu. Pedali inafanya jambo hilo hilo: inainua kipande kimoja cha sauti, na mguu wako unakisogeza kutoka chini kwenda juu. Mwaka 1966 Brad Plunkett, fundi wa kampuni ya Thomas Organ, alikuwa akitafuta namna nyepesi ya kubadili sauti kwenye amplifaya za Vox. Akaondoa swichi, akaweka potenshiometa, kile kidude cha kuzungusha kama cha sauti ya redio. Alipoizungusha, gitaa likalia wa-wa. Mwaka 1967 pedali ikatoka na jina la Clyde McCoy, mpiga tarumbeta aliyejulikana kwa kuiziba na kuizibua tarumbeta yake. Mpiga tarumbeta, na sisi wapiga gitaa ndio tunaogombania!

Sasa geuza pedali, fungua skrubu nne za chini. Mpwa wangu, leta simu karibu. Mnaona? Transista chache, kapasita chache, indakta hii hapa, yaani waya mwembamba uliozungushwa, na potenshiometa yenye gia. Mguu ukishuka, kipande hiki chenye meno kinaizungusha gia. Nikifungua ya ghali, ukoo ni ule ule. Indakta imechaguliwa kwa makini, swichi ni nzito zaidi, na mtu amekaa akalehemu kimoja kimoja. Kazi ya mkono ina bei yake, siikatai. Ila usiambiwe kuna uchawi ndani.

Hatua ya pili ndiyo wengi huiruka, nayo kwangu ndiyo kubwa. Isikilize pedali ikiwa imezimwa. Chomeka gitaa moja kwa moja kwenye amplifaya, piga kodi moja ya wazi, yaani nyuzi kadhaa kwa pamoja. Kisha pitisha kwenye pedali bila kuiwasha, piga kodi ile ile. Ukali wa sauti umepungua, kama mtu aliyetupia shuka juu ya spika? Pedali nyingi za zamani zina ugonjwa huo, kwa sababu hata zikizimwa saketi inaendelea kunyonya sauti ya gitaa. Fikiri: kwa saa tatu za kupiga, wawa unaiwasha dakika ngapi? Mimi nyimbo mbili. Saa zote zilizobaki nasikiliza pedali iliyozimwa. Ya ghali ikishinda hapa, ina hoja. Lakini tumia waya zile zile, maana waya mrefu nao hula ukali, usije ukaisingizia pedali.

Hatua ya tatu, mguu. Isukume polepole, hesabu moja hadi nane. Je, sauti inabadilika njia nzima, au imelala kisha inaruka mwishoni? Hilo halirekebishwi na mazoezi. Na vaa unachovaa ukipiga. Mimi hupiga na makubadhi, na swichi hii iko chini ya ncha ya mguu, inataka kukanyagwa kwa nguvu. Ya ghali ilikuwa ngumu zaidi, nikaibonyeza mara tatu mbele ya watu ndipo ikawaka.

Hatua ya nne, fungwa macho. Mpwa wangu alinifunga kikoi, akawa anabadilisha pedali bila kuniambia. Sharti moja: ukubwa wa sauti ulingane. Ya ghali ilikuwa inatoa sauti kubwa kidogo, na sikio la binadamu hudanganyika, kikubwa huonekana kitamu. Akapunguza amplifaya kila ilipofika zamu yake. Raundi tano, nilichagua Cry Baby mara tatu. Akaniuliza, "Mjomba, sasa hizo dola zote ni za nini?" Nikamwambia ashike kamera vizuri.

Umeme ni jambo fupi: volti 9, na kwa nyingi hasi iko katikati ya plagi. Soma alama kabla ya kuchomeka adapta. Ukitumia betri, chomoa waya wa gitaa ukimaliza, la sivyo inaendelea kuliwa ukiwa umelala.

Hatua ya tano ni yetu sisi wa pwani. Washa, nyamazisha nyuzi, sukuma mguu. Ukisikia kukwaruza, ni potenshiometa imechafuka au imelika. Chumvi ya bahari haiulizi bei. Yangu ilianza kukwaruza katikati ya harusi, wakati wa kaskazi, na bwana harusi akadhani spika imepasuka. Nyunyiza dawa ya kusafishia viungo vya umeme, ile inayokauka, si mafuta ya mnyororo. Ikirudia, badilisha potenshiometa. Fundi wa redio anaiweza. Kuna aina nyingine, kama za kampuni ya Morley, zinazotumia taa na kihisi cha mwanga badala ya potenshiometa, na kwa hewa yetu ningezitazama hizo kabla ya hii ya dola 250.

Kwa hiyo hii narudisha kwa mwenyewe. Angekuwa mtu anayepiga wawa kila usiku, na mguu wake umekubaliana nayo, ningemwambia toa pesa. Mimi wa nyimbo mbili nanunua potenshiometa ya akiba, na hivi vipakiti vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Vinafyonza unyevu. Tia viwili kwenye mkoba wa pedali, funga zipu mpaka mwisho, hivi.