Kufanana si Kazi: TrpE, PabB na Majina Tunayoyagawa Ovyo

Nimelisema hili mara nyingi, na leo nalirudia: msikipe kimeng'enya jina kwa kuwa tu mfuatano wake wa asidi amino unafanana na wa kingine.

Chukueni korismati, molekuli ambayo bakteria huitumia kutengenezea vitu kadhaa. Kimeng'enya TrpE huipokea na kuanza kutengeneza triptofani, moja ya asidi amino. Kimeng'enya PabB huipokea hiyohiyo na kuelekea kwenye folati, vitamini ambayo bila hiyo seli hukwama kutengeneza DNA. Hawa ni ndugu wa damu: umbo lao ni lilelile, na kila mmoja ana mwenzi wa kumnyofolea amonia kutoka kwenye glutamini. Lakini TrpE huipachika amonia kwenye kaboni ya 2, PabB kwenye kaboni ya 4. Tena TrpE yenyewe hung'oa piruvati, kipande cha korismati, ilhali PabB hukiachia kimeng'enya kingine, PabC, kazi hiyo.

Najua mtaniambia kompyuta itaiona tofauti hiyo. Itaionaje? Mwaka 2015 watafiti walibadilisha asidi amino mbili tu kwenye mfereji unaoelekea pale TrpE inapofanyia kazi, na kimeng'enya kilichozoea amonia kikaanza kupokea maji pia, kikatengeneza isokorismati, zao jingine kabisa. Mbili tu, ndani ya protini yenye asidi amino zaidi ya 500! Na kazi ya zamani hakikuiacha, wala jeni haikuhitaji kwanza kurudufiwa. Asilimia ya ufanano ingewaambia nini hapo?

Haya, twende kwa bakteria Bacillus subtilis. Yeye ana mwenzi mmoja tu wa glutamini, anayewahudumia TrpE na PabB wote wawili, na jeni yake imekaa pamoja na jeni za folati. Ukiiandika TrpG, yaani mwenzi wa TrpE, umesema nusu. Ukiiandika PabA, yaani mwenzi wa PabB, nusu nyingine. Hilo linajulikana tangu miaka ya 1970, na bado naletewa orodha za jenomu zenye jina moja, bila hata alama ya kuuliza. Hapana, jamani!

Muda unanibana. Mfano mwingine: kimeng'enya PriA cha bakteria Streptomyces na cha bakteria wa kifua kikuu hufanya kazi ya vimeng'enya viwili, HisA na TrpF, yaani histidini na triptofani kwa kimeng'enya kimoja. Dawa za salfa nazo huiga PABA, zao la njia ya PabB. Anayetafuta dawa mpya kwenye njia hiyo hawezi kubahatisha majina.

Kwa hiyo ondoeni jeni mnayotaka kuipa jina, mwoteshe bakteria pasipo triptofani wala PABA, kisha mwongezeeni triptofani peke yake, PABA peke yake, halafu vyote viwili. Mkishaona anakua wapi, ndipo mniletee jina.