Ukurasa wa 41

Wenyeji wetu, walimu wangu, watafiti wenzangu, na nyinyi wanafunzi mliojibana kule nyuma karibu na mlango, asanteni kwa kunialika. Nimeombwa nizungumzie namna ya kuandaa ushirikiano wa kimataifa wa utafiti kwa ajili ya maendeleo endelevu. Kichwa ni kirefu, kwa hiyo nitakiingilia kwa mlango mdogo: barua pepe moja.

Ilifika Alhamisi jioni. Mwandishi wake tuliwahi kuonana mara moja tu, kwenye mkutano, tukapeana kadi. Aliandika kwa adabu kwamba kuna ruzuku kubwa ya utafiti wa maji, maombi yanafungwa Jumatatu, na wanahitaji saini ya taasisi yetu. Aliambatisha andiko la mradi, kurasa 62. Nikalifungua na kutafuta jina letu. Nililikuta ukurasa wa 41, ndani ya jedwali, na mbele yake maneno manne: "ukusanyaji wa data nyanjani". Fungu letu la bajeti lilikuwa limeshajazwa: posho, mafuta ya gari, chupa za sampuli. Mshahara wa mtu hata mmoja haukuwemo.

Nilisaini. Nasema mapema ili mtu asidhani nimekuja hapa kunyooshea wengine vidole. Tulikuwa na vijana wanne ambao mikataba yao ilikuwa imekwisha, na mwenye njaa hachagui. Lakini tangu siku ile, nikisikia taasisi fulani ikiitwa "mshirika", huwa nauliza: kwenye andiko iko ukurasa wa ngapi, na ilifika hapo lini?

Tunapenda kusema kwamba ushirikiano ni kuaminiana. Sikatai, ila nadhani tunaanzia mwisho. Tazameni Mwaka wa Kimataifa wa Jiofizikia, 1957 hadi 1958, mpango wa wanasayansi wa nchi nyingi kuipima dunia na anga lake kwa pamoja. Zilishiriki nchi 67, zikiwemo Marekani na Umoja wa Kisovieti, na hiyo ilikuwa katikati ya Vita Baridi. Wakubwa hawa hawakuaminiana hata kidogo. Sputnik yenyewe, satelaiti ya kwanza ya Wasovieti, ilirushwa Oktoba 1957, kazi ikiendelea. Kilichowaweka meza moja ni makubaliano makavu yaliyoandikwa kabla: kitapimwa nini, kwa utaratibu gani, siku zipi, na data zipelekwe wapi. Viliundwa vituo vya data vya dunia, kimoja Marekani, kingine Umoja wa Kisovieti, na vingine vikagawanywa kwingineko, ili asiwepo mmoja wa kuzifungia data kabatini. Ni katika harakati hizo ambapo mwanasayansi Charles Keeling alianza kupima kabonidayoksaidi, gesi inayoongeza joto duniani, kwenye mlima Mauna Loa, Hawaii, mwaka 1958. Wakati ule ilikuwa kama sehemu 315 katika kila milioni ya hewa. Leo imepita 420. Tungejuaje, kama kazi ya kupima ingesubiri watu wapendane kwanza?

Hata hivyo mfano huo una kasoro, na kasoro yenyewe ndiyo mada yetu. Hewa ya Mauna Loa haina mwenyewe. Haiulizi matokeo yataenda wapi. Malengo ya Maendeleo Endelevu yaliyopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2015 ni 17, yenye shabaha 169, na ukiyasoma utaona karibu kila moja linakupeleka kwenye shamba la mtu, kisima cha mtu, au damu ya mtu. Hapo makubaliano kati ya maabara na maabara hayatoshi tena.

Mwaka 2010 ilichapishwa taarifa ya jenomu, yaani vinasaba, za watu wanne wa Namibia wa jamii ya Wasan, wenyeji wa asili wa kusini mwa Afrika. Ridhaa ilikuwa imechukuliwa kwa mtu mmoja mmoja. Viongozi wa Wasan walilalamika kwamba wao hawakushirikishwa, na kwamba baadhi ya yaliyoandikwa yaliwadhalilisha watu wao. Hawakuishia kulalamika. Mwaka 2017, Wasan wa Afrika Kusini walitoa kanuni zao wenyewe za maadili ya utafiti, zenye nguzo tano: heshima, ukweli, haki, kujali, na utaratibu. Hiyo ya tano ndiyo niipendayo. Wanafalsafa wetu wa maadili wasingeiweka utaratibu pamoja na haki na heshima. Wangeiona kazi ya makarani. Wasan wameona mbali zaidi: heshima isiyo na utaratibu ni tabasamu tu. Ukitaka kuwatafiti, andiko lako linapita kwao kwanza.

Kwa upande wa mimea, wanyama na vijidudu, jambo hilo lina nguvu ya sheria ya kimataifa. Itifaki ya Nagoya, mkataba wa kimataifa kuhusu kutumia vinasaba vya viumbe hivyo na kugawana faida yake, iliyopitishwa 2010 na kuanza kutumika 2014, inataka ridhaa itolewe kabla, na masharti yakubaliwe na pande zote. Wanafunzi, kabla hamjabeba udongo kwenye sanduku la safari, isomeni.

Sasa nirudi kwenye maji. Mradi wetu mwingine, baada ya ule wa ukurasa wa 41, ulikuwa na mfadhili aliyekubali jambo ambalo wafadhili wachache hulikubali: kutulipia miezi michache ya kujiandaa tu, bila kudai matokeo. Tulikuwa na swali zuri la kitaalamu kuhusu mbolea kuingia kwenye visima. Mikutano miwili tulieleza, watu wakasikiliza kwa upole. Mkutano wa tatu, mama mmoja akasimama na ndoo yake, akamwaga maji kidogo kwenye kikombe, akampa mwenzetu aliyetoka ng'ambo. "Onja." Akaonja. Yalikuwa na chumvi. Mama akasema, "Zamani hayakuwa hivi. Mbolea yenu hiyo tutaizungumza, lakini hili je?" Vipimo vyetu havikuwa na safu ya chumvi hata moja. Tulirudi tukaandika swali upya, na mtaalamu mmoja wa mbolea akajitoa kwa heshima zote, kwa sababu mradi haukuwa wake tena. Hiyo nayo ni gharama, na miradi mingi huikwepa kwa kutouliza kabisa.

Tukishakubaliana juu ya swali, tunafika kwenye fedha, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu watu hupitapita kwa aibu. Kila ruzuku ina kitu kinachoitwa gharama zisizo za moja kwa moja: umeme wa friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri, mhasibu, intaneti, mlinzi wa usiku. Kwa gharama hizo, programu za utafiti za Umoja wa Ulaya humwongezea kila mshiriki asilimia 25 juu ya gharama zake za moja kwa moja. Lakini Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, kwa miaka mingi, zimezipa taasisi za nje asilimia 8, wakati vyuo vikubwa vya nchini mwao vilipata zaidi ya 50. Friza haijui imewekwa nchi gani. Umeme unakula uleule. Kisha, mradi ukiisha, tunaambiwa sampuli zipelekwe ng'ambo kwa sababu "huko kuna uwezo wa kuzitunza". Uwezo huo ulilipiwa na nani?

Majina kwenye makala nayo yamevunja urafiki mwingi. Majarida mengi ya tiba hufuata vigezo vinne: uwe umechangia kwa uzito, umeandika au umeihakiki rasimu, umeidhinisha toleo la mwisho, na uko tayari kuwajibika kwa kazi nzima. Mtu husoma hapo akasema, "Basi mkusanya data hastahili, hakuandika." Asome aya inayofuata. Kanuni hizohizo zinasema aliyetimiza kigezo cha kwanza apewe nafasi ya kutimiza vingine. Maana yake usimnyime rasimu halafu umwambie hakuisoma.

Makala ya ule mradi wa kwanza niliiona jaridani kama msomaji mwingine yeyote. Vijana wetu wanne wametajwa mwishoni, kwenye shukrani, bila majina: "wasaidizi wa nyanjani". Mmoja wao ndiye aliyegundua kwamba kifaa kimoja kilikuwa kinasoma vibaya, akaokoa data za wiki tatu.

Kuna mambo madogo nitayataja nikitembea. Zamu ya kuamka usiku kwa ajili ya mkutano wa mtandaoni izunguke, isiwe ya upande mmoja kila mwezi. Ada ya kuchapisha iwekwe kwenye bajeti tangu mwanzo. Jarida la Nature lilipofungua njia ya makala kusomwa bure lilitangaza euro 9,500 kwa makala moja, na mkishangaa bei hiyo baada ya fedha kuisha mmechelewa. Na tafsiri ya matokeo kwa lugha ya waliohojiwa si hisani, ni fungu la bajeti lenye namba yake.

Makubaliano ya mradi wa visima yana kurasa sita. Kuyaandika kulitumia miezi minne na ugomvi wa kutosha. Ukurasa wa kwanza una swali la yule mama, kwa maneno yake. Kifungu cha 9, kinachosema sampuli zitakaa wapi mradi ukiisha, bado kina nafasi wazi: wenzetu wanataka kwao, sisi tunataka kwetu, na friza yetu, niseme kweli, mwezi uliopita ilizimika siku mbili. Tunakutana tena Jumatano. Sasa nachukua maswali. Nimeona mkono kule mlangoni.