Pango la karatasi chakavu

Wa nyuma mnanisikia eeh? Haya. Dunhuang iko kaskazini magharibi mwa China, jangwani, na hapo nje ya mji kuna mapango ya Mogao, Wabudha wamechonga mwamba karne kwa karne. Mwaka 1900 kuna mtawa wa dini ya Tao, Wang Yuanlu, kajipa mwenyewe kazi ya kuyatunza, katika kutoa mchanga akakuta chumba kidogo kilichozibwa tangu mwanzoni mwa karne ya 11, kimejaa hati mpaka juu.

1907 akatua Aurel Stein, mtafiti wa mambo ya kale kutoka Uingereza, mwanzoni Wang mgumu kweli kweli, ndo Stein akamjia na habari za Xuanzang, yule mtawa wa karne ya 7 aliyeenda India kuleta vitabu, Wang anamheshimu sana, akaambiwa na mimi nafuata nyayo zake, basi mzee akalegea. Stein kaondoka na maelfu ya hati kwa pauni 130. Pauni 130 jamani! Humo mna Sutra ya Almasi, andiko takatifu la Wabudha, ya mwaka 868, ndo kitabu kizima cha kuchapwa chenye tarehe cha zamani kuliko vyote tunavyovijua, na mwishoni pameandikwa Wang Jie (si ndugu wa huyu wetu) kakitoa kigawiwe bure kwa ajili ya wazazi wake. Yaani kama huku mtu anavyogawa Yasini kwa ajili ya marehemu wake, ile ile.

Mwaka uliofuata akaja Pelliot, msomi Mfaransa, huyu Kichina anakisoma, akachuchumaa mle na mshumaa wiki tatu anachambua.

Ila mimi Sutra hainishtui sana. Kinachonimaliza ni mchanganyiko, chumba cha Wabudha lakini ndani kuna wimbo wa Kikristo kwa Kichina, kuna tenzi za Wamani, wale wafuasi wa dini ya kale ya Mani wa Uajemi, kuna dua ya Kiebrania kwenye karatasi iliyokunjwa. Wataalamu wengine wanasema pale palikuwa stoo ya maandiko yaliyochakaa, kwa sababu neno takatifu halitupwi, na sisi tuliokuzwa pwani hilo hatuhitaji kuelezwa, nani anatupa msahafu jalalani?

Sasa humo humo na sutra kuna barua ya mfano ya mwaka 856, ya kumuomba radhi mwenyeji wako baada ya kulewa kwenye karamu yake ukaropoka mpaka ukajiaibisha. Kazi yako kunakili tu na kutuma. Ina maana walikuwa wanalewa wengi!

Naona mkono kule, ndiyo mama, uliza.