Anwani ya mbunge ni siri ya nani?

ZUHURA: Karibuni tena, wasikilizaji. Mimi ni Zuhura, niko na Kombo, na leo amekuja na makaratasi.

KOMBO: Makaratasi yenyewe nusu yamepakwa wino mweusi, dada. Utayaona.

ZUHURA: Subiri kwanza, tuanze na kilichofanya swali hili la kuficha anwani za wabunge lirudi. Minnesota, Marekani, usiku wa kuamkia Jumamosi, tarehe 14 Juni 2025. Mtu kavaa kama polisi, anagonga milango ya wabunge wa jimbo. Seneta John Hoffman na mkewe Yvette walipigwa risasi wakanusurika. Melissa Hortman, aliyewahi kuwa Spika wa baraza la wawakilishi pale, aliuawa pamoja na mumewe Mark. Nyumbani kwao.

KOMBO: Inna lillahi.

ZUHURA: Kwa mujibu wa nyaraka za mashtaka, mtuhumiwa alikuwa na daftari zenye majina ya viongozi, na ameorodhesha tovuti za kutafutia anwani za watu. Siku chache baadaye baadhi ya majimbo, North Dakota likiwamo, yakaondoa anwani za nyumbani za wabunge kwenye tovuti ya bunge. Mimi nasema walifanya la maana. Wewe je?

KOMBO: Kwenye tovuti ya bunge ziondolewe, sina ugomvi. Ila umesikia ulichosema mwenyewe? Kaorodhesha tovuti za kutafutia watu. Hizo nyingi ni biashara. Zinakusanya rekodi za nyumba, za wapiga kura, za simu, zinaziunganisha, zinamuuzia yeyote mwenye dola chache. Bunge likifuta ukurasa wake, hao bado wanayo. Ninachoogopa ni kwamba kiongozi akitishwa, kabati linalofungwa haraka ni la serikali, na hilo ndilo tunalolitegemea kumchunguza.

ZUHURA: Kombo, anwani ya chumbani kwa mtu inachunguza nini?

KOMBO: Ndiyo maana nimebeba makaratasi. Twende Uingereza. Wana Sheria ya Uhuru wa Taarifa tangu mwaka 2000, imeanza kutumika Januari 2005. Waandishi, Heather Brooke mmoja wao, wakaomba mchanganuo wa marupurupu ya wabunge. Wabunge wa mikoani walikuwa wanalipiwa nyumba ya pili, ili wawe na pa kulala London. Bunge likakataa, kesi ikafika hadi Mahakama Kuu, na Mei 2008 bunge likashindwa. Mahakama ikasema toeni, na anwani zikiwemo.

ZUHURA: Anwani zikiwemo kabisa?

KOMBO: Kabisa. Sasa sikiliza. Miezi miwili baadaye, Julai, bunge lilelile likapitisha amri ya kuziondoa anwani zao kwenye sheria. Sababu iliyotajwa ni usalama. Juni 2009 risiti zikatolewa rasmi, zimejaa wino mweusi. Bahati mbaya yao, gazeti la Daily Telegraph lilikuwa limeshapata nakala nzima na kuanza kuichapisha tangu tarehe 8 Mei. Watu wakaweka nakala mbili mezani wakalinganisha.

ZUHURA: Na chini ya wino kukawa na nini?

KOMBO: Nyumba! Mbunge anasema mwaka huu nyumba yangu ya pili ni hii, analipiwa mkopo na ukarabati. Mwaka unaofuata anageuza, ya pili ni ile nyingine, anaanza upya. Akija kuuza, anaiambia mamlaka ya kodi kwamba hiyohiyo ndiyo makazi yake makuu, kwa hiyo haina kodi. Bila anwani hujui ni nyumba moja au tatu. Kwenye ile nakala rasmi mchezo wote huo ungepita bila mtu kuuona.

ZUHURA: Hapo umenibana kidogo.

KOMBO: Bado. Alikuwako mbunge akiitwa David Chaytor. Alidai pango la fleti ya London ambayo kumbe ni mali yake na mkewe, halafu akadai pango la nyumba ya mama yake. Januari 2011 alifungwa miezi 18. Ukiwa umefichiwa anwani, utajuaje mwenye nyumba ni nani?

ZUHURA: Sawa. Lakini usinifanye nisahau upande wa pili, kwa sababu Uingereza hiyohiyo Jo Cox aliuawa Juni 2016, na David Amess Oktoba 2021.

KOMBO: Waliuawa wapi?

ZUHURA: Cox nje ya maktaba ya Birstall, akienda kukutana na wananchi. Amess kanisani Leigh-on-Sea, akiwa anawasikiliza wananchi.

KOMBO: Basi. Waliuawa kwenye ratiba yao ya wazi. Wino wote ule wa 2009 usingewafaa kitu. Pale walihitaji mlinzi mlangoni na miadi iliyohakikiwa.

ZUHURA: Ndiyo, ila Hortman hakufuatwa kwenye mkutano. Alifuatwa nyumbani, usiku. Huwezi kuchukua mfano wa Uingereza ukaufuta wa Minnesota. Na mbunge ana watoto, Kombo. Hao hawakugombea chochote.

KOMBO: Hilo nakupa.

ZUHURA: Na Waingereza wenyewe walipata njia ya katikati. Tangu uchaguzi wa 2010, mgombea ubunge anaweza kuomba anwani isichapwe kwenye karatasi ya kura. Kunaandikwa jimbo anakoishi tu. Mpiga kura anajua huyu ni wa hapa au wa kuja, basi, inamtosha.

KOMBO: Na madai ya fedha hayapiti tena mikononi mwa wabunge. Iliundwa mamlaka huru, IPSA, inayokagua na kuchapisha matumizi ya kila mbunge. Mimi hilo ndilo ninalolitaka. Anwani ifichwe kwa umma, lakini awepo mtu anayeiona yote, na asiwe mbunge. Kosa la 2008 lilikuwa kwamba kalamu ya wino aliishika mwenyewe anayechunguzwa.

ZUHURA: Nikuulize la New Jersey basi, jimbo jingine la Marekani. Wana Sheria ya Daniel ya mwaka 2020, ilitungwa baada ya mtoto wa jaji Esther Salas kuuawa mlangoni kwao. Inalinda anwani za majaji, waendesha mashtaka na polisi. Mwandishi mmoja wa New Brunswick akagundua, kupitia rekodi za umma, kwamba mkurugenzi wa polisi wa mji huo anaishi Cape May, zaidi ya saa mbili kwa gari. Akataka kuchapisha, akaonywa kwa sheria hiyo, akaenda mahakamani.

KOMBO: Akashindwa, Juni 2025, katika mahakama ya juu ya jimbo.

ZUHURA: Lakini jina la mji aliruhusiwa. Alichokatazwa ni mtaa na namba ya nyumba. Hoja yake yote ilikuwa umbali, na Cape May inatosha kuonyesha umbali. Mimi naona wameamua vizuri.

KOMBO: Kwa kesi hiyo, pengine. Kwa Chaytor, jina la mji lisingekusaidia kitu.

ZUHURA: Huku kwetu je? Juni 2024 Wakenya walisambaza namba za simu za wabunge kupinga Muswada wa Fedha. Wabunge wakalalamika simu hazishikiki kwa ujumbe.

KOMBO: Simu ya mbunge ijazwe ujumbe, hiyo ni kazi aliyoiomba. Mwananchi anamtafuta aliyemtuma. Ila aliyetuma ramani ya nyumba yake, huyo simtetei. Na sheria ya Kenya ya 2016 ya kupata taarifa inaruhusu kunyima taarifa inayohatarisha maisha ya mtu yeyote. Neno ni "mtu yeyote", halikuandikwa kwa ajili ya waheshimiwa tu.

ZUHURA: Ila anayesema "hii inahatarisha" ni ofisi iliyoombwa.

KOMBO: Ndiyo, na usiporidhika unakata rufaa kwa Tume ya Haki ya Utawala. Nani kati ya wasikilizaji wetu amewahi kuandika barua hiyo? Tutumieni ujumbe wa sauti, mtueleze mlijibiwa nini.

ZUHURA: Na kama mlijibiwa kwa wino mweusi, pigeni picha mtutumie.