Ukaguzi wa saa kumi na mbili jioni

REHEMA: Karibuni tena, wasikilizaji wetu. Nimekuja na karatasi yenye mambo matano ya kufanya na mzee aliyepigana vita kabla hajatutoka, lakini kwanza niwaeleze yaliyonipata Jumanne. Fundi anayebadilisha mabati ya nyumba ya marehemu babu alinipigia simu akisema kwamba juu ya boriti amekuta mkebe wa misumari, na chini ya misumari hiyo kuna nishani. Nilipoifuta vumbi nikaona ni nyota ya shaba yenye ncha sita, ile ambayo Waingereza waliwapa waliopigana Burma, yaani Myanmar ya leo, katika Vita vya Pili vya Dunia.

SEIF: Huyu ndiye babu wa vifundo?

REHEMA: Ndiye, na ninakuomba usianze.

SEIF: Lazima nianze, dada yangu, maana wapo wasikilizaji wageni.

REHEMA: Basi nitasema mwenyewe, kwa sababu wewe huongeza chumvi. Kila jioni saa kumi na mbili babu alipuliza filimbi, nasi wajukuu saba tukajipanga barazani miguu mitupu, naye akapita na kibatari akimulika vifundo vyetu na katikati ya vidole. Aliyeridhika naye alimwambia, "Pita." Kwetu ni nchi kavu ambayo ruba hawajawahi kuonekana, kwa hiyo tulikua bila kujua anatafuta nini.

SEIF: Mpira wangu uliwahi kuingia uani kwenu, nikaambiwa sirudishiwi mpaka nikaguliwe. Nilikuwa jirani tu, tena nilikuwa na haraka, lakini nilisimama mguu mmoja juu kama korongo. Mpaka leo nikisikia filimbi ya trafiki natazama miguu yangu.

REHEMA: Ukubwani ndipo nilipoelewa. Mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ambayo askari wake walivaa alama ya kichwa cha kifaru, iliteremka bonde la Kabaw huko Burma ikiwafuata Wajapani waliokuwa wakirudi nyuma, na mvua za monsuni zilikuwa zimegeuza njia kuwa tope. Malaria iliwaangusha wengi, na ruba waliwaingia viatuni bila wao kuhisi. Mwezi Desemba walikuwa wamefika Kalewa, kwenye mto Chindwin.

SEIF: Hayo alikusimulia yeye?

REHEMA: Nimeyasoma. Yeye alichowahi kutamka ni kwamba kule mtu alilala amevaa viatu. Ila nakumbuka jioni moja mdogo wangu alikuwa amelazwa hospitali, babu akafika mwisho wa mstari, akarudi mwanzo, akafika tena mwisho, akabaki amesimama na kibatari mpaka bibi akamwendea na kumnong'oneza kwamba wa saba yupo salama.

SEIF: Kwa hiyo hakuwa akitafuta ruba peke yake.

REHEMA: Ndiyo maana nataka nishani ile itiwe kwenye fremu, itundikwe sebuleni, na siku ya ukoo kukutana nisimame nieleze habari zake.

SEIF: Hapo mimi sikubaliani nawe hata kidogo. Mtu aliyekaa nanyi nyumba moja miaka yote hiyo bila kuitaja, akaifukia chini ya misumari, amekwisha kutoa uamuzi wake. Tena ni nyota ya wakoloni, wale wale waliowalipa askari wa Kiafrika kiinua mgongo kidogo kuliko Wazungu waliopigana nao.

REHEMA: Anayetaka kutupa kitu hukitupa chooni. Aliyekipandisha juu ya boriti amekihifadhi.

SEIF: Au amekiweka pale ambapo watoto hawafiki, ili wasimuulize.

REHEMA: Tarehe 12 Februari 1944 meli ya Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Colombo, ilizamishwa na nyambizi ya Wajapani, na zaidi ya watu 1,200 wakafa, wakiwamo askari wengi wa Afrika Mashariki. Hao hawakupata hata mkebe. Nikinyamaza na mimi, ni nani atakayewataja?

SEIF: Wataje hao waliozama, nitakusaidia. Babu yako alikuwa hai, alikuwa na ulimi, na alichagua filimbi.

REHEMA: Hakuchagua, Seif. Hakuna aliyemuuliza. Sisi tulicheka.

SEIF: Mimi ningecheka tena, na bado nisingemuuliza.

REHEMA: Basi hapo hatutaelewana. Fundi mitambo ananionyesha vidole viwili, nami katika yale mambo matano sijasoma hata la kwanza.

SEIF: Yaache, ndugu yangu, karatasi haiozi. Mkebe wenyewe uko wapi?

REHEMA: Uko mkobani mwangu, pamoja na misumari yake.

SEIF: Misumari ya nini tena?

REHEMA: Ya kutundikia fremu.

SEIF: Rehema!

REHEMA: Muda wetu umekwisha, wasikilizaji. Wiki ijayo ni zamu ya Seif kuleta mada.