Usiweke Msumari Mahali pa Kii

(Mhadhara kwa vijana wa ufundi na wenye nyumba, Mbeya)

Mwagonile. Na mliotoka Iringa na Njombe, kamwene.

Naomba vijana wawili wa mbele mniinulie hiyo mashine ya kukatia majani muiweke juu ya meza. Taratibu. Msiilaze upande huo, kabureta, ile inayochanganya petroli na hewa, isiwe chini. Oili itaingia kwenye chujio la hewa, kesho mtaona moshi mweupe na mtasema pistoni imekufa. Plagi itazame juu. Hapo sawa.

Wengi mmeshanisikia nikiyasema haya. Nitayasema tena, kwa sababu bado kila wiki naletewa mashine iliyouawa. Sisemi iliyochoka. Mashine iliyochoka naijua, naipa heshima yake. Hizi zimeuawa, na mara nyingi zimeuawa na fundi.

Nimeshika kitu kidogo hapa. Nakipitisha, kila mtu akishike, kisha kirudi mbele. Urefu wake haufiki nusu ya kidole changu cha shahada. Ukikikwaruza kwa ncha ya bisibisi kinachubuka, maana ni chuma laini. Hii ndiyo kii. Inakaa kwenye mfereji mwembamba kati ya krenki, yaani mhimili unaozungushwa na pistoni, na flaiwili, lile gurudumu zito lililofungwa kwenye ncha yake. Flaiwili ina sumaku. Sumaku ikipita mbele ya koili, inayotoa umeme wa cheche, plagi inapiga cheche. Kii inaishika hiyo sumaku mahali pake, ili cheche ipige pistoni ikiwa karibu kabisa kufika juu. Si mapema, si baadaye.

Sasa panga la chini ligonge jiwe. Krenki inasimama ghafla, lakini flaiwili ni nzito, bado inataka kuzunguka. Hapo lazima kitu kikatike. Aliyebuni mashine alikaa akafikiri, akachagua kitakachokatika: hiki kidogo, laini, cha bei ya soda mbili. Kife hiki, krenki ibaki.

Nikae hapa kidogo, maana hapa ndipo penye kisa changu.

Kuna shule moja ya bweni, njia ya kwenda Tukuyu. Mnajua kule mvua inavyonyesha, majani hayalali. Walikuwa na mashine moja, nzuri, injini ya mistroki minne. Siku moja ikazima uwanjani, ikagoma kuwaka. Wakaipeleka kwa fundi wa kwanza, akabadilisha plagi. Haikuwaka. Wa pili akauza kabureta mpya. Ikawaka, ikakohoa, ikapiga mlio kama baruti, ikazima. Wa tatu akasema pistoni na ringi, akataja bei ambayo mkuu wa shule aliposikia akasema iuzwe skrepa.

Ikaletwa kwangu njiani kuelekea skrepa. Nyuma ya pikapu alikaa mzee mtunza bustani, ndiye aliyeisukuma mashine hiyo miaka yote. Mafundi wote watatu walizungumza na dereva. Nikamwambia, "Shikamoo mzee. Hii mashine ilianzaje?" Akaitikia marahaba, akatazama viganja vyake, akasema, "Mwanangu, tangu ilipogonga kisiki, nikivuta kamba inaninyang'anya mkono."

Sikuhitaji neno jingine. Kamba ikikunyang'anya mkono maana yake cheche inapiga mapema, pistoni inarudishwa chini kabla haijafika juu. Nikafungua kava, nikafungua nati ya katikati, nikaing'oa flaiwili. Kii ilikuwa imekatika nusu, imeteleza kama milimita moja na nusu. Milimita moja na nusu! Kwa hiyo tu walishanunua kabureta, na walikuwa wanataka kuua injini nzima. Nikaweka kii mpya, nikafunga. Mzee mwenyewe akavuta kamba, mara ya pili ikawaka. Akaizima, akaiwasha tena, kisha akaizima akaiwasha tena.

Kisa kingeishia hapo ningekuwa na furaha. Kama miezi kumi na minne baadaye ikarudi. Wakati huu imegonga jiwe, na mtu aliyekuwa karibu alijua tatizo. Alijua kabisa! Akafungua flaiwili, akaona kii imekatika, akakosa spea, akakata msumari wa inchi nne, akauchonga kwa tupa, akaugongea kwenye mfereji. Ikawaka vizuri. Kila mtu akamsifu. Mwezi mmoja baadaye panga likagonga jiwe jingine, na msumari haukukatika. Krenki ndiyo iliyopinda. Niliizungusha kwa mkono nikaona ncha yake inacheza kama mguu wa mtu aliyeteguka. Hiyo mashine haikupona. Mzee alisimama pale karakanani kwangu, hakusema kitu, akachukua kofia yake akaondoka.

Ndiyo sababu sichoki kulisema hili. Mashine nzuri ina sehemu iliyoandaliwa kufa. Ukiiimarisha hiyo sehemu, umeiua mashine.

Angalieni majumbani mwenu. Plagi ya pasi ina fyuzi ndani. Imeungua, mnazungushia waya wa shaba au karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Pasi inafanya kazi, mnasema umeokoa hela. Siku waya wa ndani ukigusana, hakuna cha kukatika isipokuwa nyumba yenyewe. Blenda ina kile kipira cha meno kinachounganisha jagi na mota. Kimesagika, mtu anachongesha cha chuma. Mkizidisha barafu ndani, mota inaungua, na mota ndiyo bei ya blenda. Na sufuria ya presha! Hapa Mbeya tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, maji yanachemkia nyuzi 94 hivi, maharage yanakataa kuiva, kwa hiyo karibu kila jiko lina presha. Ile valvu ya usalama ikianza kuvuja, nimeona kwa macho yangu imezibwa kwa kipande cha mti. Mama zangu, dada zangu, naomba sana. Hiyo si ya kuchezea. Ikivuja, nunua valvu.

Najua kuna mtu pale nyuma anasema moyoni: fundi, tatizo ni vitu vya siku hizi, viwanda vinavitengeneza vife tununue vingine. Nakujibu, kwa sababu una haki. Mwaka 1924 makampuni makubwa ya balbu yalikutana Geneva, yakakubaliana balbu isizidi saa 1,000, na aliyetengeneza ya kudumu zaidi alitozwa faini. Kwa hiyo hujasema uongo hapo. Lakini tenganisha vitu viwili. Kii imewekwa ife ili mashine iishi, na unaweza kuinunua na kuibadilisha. Balbu ile ilikatwa umri ili ununue nyingine. Tukichanganya haya mawili tunaishia kudharau kila kitu, na tunaacha kutengeneza hata kinachotengenezeka.

Wenzetu Ufaransa wameliona hili. Tangu Januari 2021 baadhi ya bidhaa dukani lazima ziwe na alama, kutoka 0 hadi 10, inayoonyesha kinatengenezeka kwa urahisi kiasi gani: kinafunguka vipi, spea zipo, spea ni bei gani. Na katika makundi matano ya kwanza, pamoja na simu, kompyuta mpakato, televisheni na mashine za kufulia, waliweka mashine za kukatia majani zinazotumia umeme. Sisi hatuna alama hiyo. Alama yetu ni bisibisi. Ukienda dukani Mwanjelwa, usiulize kwanza inapiga kelele kiasi gani wala rangi. Igeuze. Imefungwa kwa skrubu au imegongewa ribiti? Muulize muuzaji: kii unayo? Kamba unayo? Chujio unalo? Akikwambia "hiyo haiharibiki, mama", rudisha hela mfukoni.

Sasa muda unanibana. Nilitaka kuzungumza kuhusu kabureta na nyanda zetu hizi, nitasema kwa haraka. Hewa ya huku ni nyepesi. Injini isiyo na tabo, kile kifaa cha kusukumia hewa ndani, hupoteza kama asilimia 3 hadi 4 ya nguvu kwa kila mita 300 unazopanda, kwa hiyo iliyofanya kazi vizuri Dar es Salaam ikifika hapa imepoteza karibu moja ya tano. Na inakunywa petroli nyingi mno kwa hewa iliyopo, plagi inakuwa nyeusi kwa masizi. Msiiseme ni mbovu. Tafuteni jeti ndogo zaidi, yaani kile chenye kitundu cha kupitishia petroli ndani ya kabureta. Njombe ndiyo zaidi, mko juu kutuzidi.

Petroli: majani yakikauka kiangazi, mwaga petroli yote au iache iwake mpaka ikauke. Ikikaa miezi inageuka gundi kwenye jeti. Oili: badilisheni ya kwanza baada ya mashine kufanya kazi saa 5, kisha fuateni kitabu cha mashine. Cherehani na friji sitazifikia leo, mnisamehe wale mliokuja kwa ajili ya friji.

Ile kii imerudi? Iko wapi? Asante. Binti, wewe uliyeuliza swali asubuhi kuhusu wasichana na injini, njoo hapa mbele. Utatung'olea hiyo flaiwili, wote waone mfereji. Hapana, usianze na spana. Chomoa waya wa plagi kwanza, uuweke mbali, mashine isije ikawaka mkono wako ukiwa hapo. Ndiyo. Sasa spana.