Kitabu Kilichorudi na Doa la Bibo

Asanteni. Mlioko nyuma sogeeni mbele. Feni ya huko haizunguki tangu mwaka jana na wenyewe mnajua.

Tangazo pale mlangoni linasema nitaeleza namna ya kuandika riwaya ya kihistoria. Sitaeleza. Nitazungumzia kuazimana vitabu. Mlionisikia Lindi mtanisamehe, kisa mnakijua.

Nilikuwa na nakala ya Kinjeketile, tamthilia ya Ebrahim Hussein ya mwaka 1969, nimeivalisha jalada la kaki kwa mkono wangu. Mtunzi ni mzaliwa wa Kilwa, kwa hiyo huku kwetu nakihesabu kitabu cha nyumbani. Msimu mmoja wa korosho, dada mmoja wa Newala alifikia kwa jirani yangu, akanikuta nasoma barazani. "Dada, ukimaliza niazime." Nikampa. Msimu ukapita, na wa pili ukapita. Nikajisemea, haya, kukopa harusi, kulipa matanga.

Kikarudi kimefungwa kwenye kipande cha kanga. Ndani, doa la bibo, lile tunda la mkorosho, doa la kahawia, umbo la kidole gumba. Bibo mnalijua: likidondokea gauni jeupe, gauni limekwisha. Nikapekua nitafute madoa mengine ili hasira yangu ishibe. Ndipo nikaiona penseli. Pembeni mwa ukurasa, herufi kubwakubwa za mtu aliyejifunza kuandika ukubwani: BIBI ALISEMA MAJI SI KITU. TABU ILIKUJA BAADAE. WALICHIMBA MING'OKO MPAKA MSITU UKAWA MASHIMO.

Mpaka msitu ukawa mashimo! Miaka ishirini nasoma habari za Majimaji, vita vya wazee wetu dhidi ya Wajerumani. Kijiji cha Nandete nakijua, pamba iliyong'olewa huko Julai 1905 naijua, najua Kinjeketile mwenyewe, mganga aliyewapa watu maji ya kuwakinga na risasi, alinyongwa Agosti ya mwaka huohuo. Najua Wajerumani walichoma mashamba na maghala, na kwamba njaa iliyofuata iliua wengi kuliko risasi. Hayo yote yamo vitabuni. Mashimo sikuyakuta popote. Na mtu wa Mtwara hahitaji kuelezwa ng'oko: mzizi mdogo, unauchimba umeinama, kapu halijai upesi. Sisi leo tunaila imechemshwa, kwa chumvi na pilipili, tunaiona kitafunwa. Sasa fikiria kijiji kizima kinaishi kwa hiyo tu.

Riwaya yangu ya pili yote imetoka kwenye mstari ule. Inaanza na mtoto aliyetumbukia shimoni. Mhariri akaniambia shimo lile ni taswira nzito sana. Nikamwambia si taswira, ni shimo.

Nilimpigia yule dada kumshukuru. Akacheka. "Si mimi, dada. Mimi nilimwazima wifi, wifi akampa baba yake mdogo." Mzee aliyesomea kisomo cha watu wazima! Ningekifungia kitabu kile kwenye kabati la vioo, kama mnavyofanya nyie, kingekuwa safi mpaka leo, na mimi ningekuwa mjinga mpaka leo.

Naona mkono wa kaka pale, na swali nalijua: "Mama, vitabu havirudi." Kweli havirudi. Vyangu vingi vimekwenda na sijui viko wapi. Lakini mbona husemi vya watu ulivyonavyo wewe? Mimi nina Peponi, ile riwaya ya Gurnah iliyotafsiriwa kwa Kiswahili mwaka 2022, mwaka mmoja baada ya Nobel yake. Humo mna kijana anachukuliwa na tajiri kwa sababu ya deni la baba yake. Nimeisoma mara mbili, nayo si yangu. Nimeishika kama tajiri alivyomshika yule kijana. Mwenyewe ameketi safu ya tatu, ananitazama hivi sasa.

Mwingine atasema siku hizi kuna simu, mtu anatumiwa kitabu kizima kwa dakika moja. Sawa, atumiwe. Lakini baba mdogo wa wifi angeandika wapi?

Nilitaka nizungumzie pia Utenzi wa Vita vya Maji Maji wa Abdul Karim bin Jamaliddini, mtu wa Lindi, uliochapishwa 1957. Hilo ndilo lingekuwa jambo refu la leo, maana utenzi hausomwi kimoyomoyo, nilijiandaa kuwaghania. Mshereheshaji ananionyesha saa. Na la watoto na maktaba za shule naliacha vilevile, nitapandisha sauti bure.

Basi. Kapu lile la ukindu karibu na mlango lina vitabu kumi na vinne. Si mauzo, chukueni. Mkimaliza wapeni wengine, msinirudishie mimi kwanza. Penseli ziko chini ya kapu. Kalamu za wino sitaki. Na wewe wa safu ya tatu, tafadhali usiondoke, Peponi yako iko kwenye mkoba wangu, ila nimeandika kidogo pembeni.